Sura ya Nne: Vua Pete Kwanza

"Vua pete kwanza, mdogo wangu," alisema muuzaji huku akikoroga.

Tulikuwa tumesimama kwenye kibanda cha vipodozi jijini Mwanza, mimi na binti wa mama mdogo, ambaye alikuwa amebakiza wiki sita aolewe. Kamati ya sendofu ilishakaa mara mbili, sare zilishachaguliwa, na mashangazi walishatoa hukumu yao: bibi harusi lazima ang'ae siku hiyo. Kung'aa huko kila mtu alijua maana yake na hakuna aliyeifafanua. Muuzaji alikuwa dada mcheshi, uso mweupe, vifundo vya vidole vyeusi tii. Alichukua kopo tupu la siagi, akaminyia ndani tyubu mbili, akachota vijiko viwili vya krimu kutoka kwenye kopo dogo la plastiki, akaongeza losheni ya kawaida "ili isikuchome," kisha akakoroga kwa mpini wa kijiko mpaka rangi ikawa moja. Huo ndio mkorogo. Jina limetoka kwenye mkono wake.

Nikauliza pete imekosa nini.

"Inapauka, dada. Hii kitu na dhahabu haviivi chungu kimoja. Na bangili za fedha asivae usiku."

"Na ngozi je?"

"Ngozi si ndiyo tunaitibu? Cheupe dawa!" Akacheka, na mdogo wangu akacheka naye.

Ndani ya kile kikopo kidogo kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne, maandishi madogo kama mbegu za mchicha. Nilikisoma pale pale kibandani. Kilionya krimu isigusane na dhahabu, fedha, mpira wala aluminiamu. Kuhusu ngozi kilisema ipakwe usiku, uso mzima, shingo pia. Basi. Nimekifikiria kikaratasi kile mara nyingi tangu siku ile. Aliyekiandika alijua vizuri kilichomo, na kati ya pete na kidole chenye pete, aliihurumia pete.

Kanda ya Ziwa, kitu kinachokula dhahabu hakihitaji utangulizi. Nenda kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake huoshwa, kisha humiminwa kwenye karai na kumwagiwa zebaki. Zebaki ni metali iliyo majimaji. Hutawanyika na kukutana tena kama shanga za fedha zilizokatika uzi. Punje za dhahabu ambazo jicho halizioni huzama ndani yake. Mchimbaji hukamua kwa kitambaa, hubaki na donge la kijivu, hulichoma. Zebaki huondoka kama mvuke na dhahabu hubaki kwenye kikaango. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na mara nyingi anayeshika kikaango hana hata leso puani.

Pete ya ndoa ikikutana na zebaki hufanywa vivyo hivyo: hunyonywa, huwa ya kijivu. Aluminiamu hupata makubwa zaidi. Ile ngozi nyembamba inayoikinga na hewa hupasuka, na metali yenyewe huanza kumomonyoka kama mkate uliokaa juani. Kwa sababu hiyo zebaki haipandi ndege ovyo. Bati la ndege nyingi ni aluminiamu. Kwa hiyo mtu yeyote anayeijua kidogo kemia, akisoma onyo la kile kikaratasi, hahitaji maabara ili akisie kilichomo koponi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linalitaja onyo hilohilo miongoni mwa dalili za kutambulia krimu na sabuni zenye zebaki.

Ila mimi sikujua hayo siku ile. Nilijua tu kwamba jambo haliko sawa. Kilichonifumbua macho ni habari ya daktari mmoja wa Kijapani aliyekuja ziwani kwetu akitafuta kitu kimoja, akakuta kingine.

Daktari huyo ni Harada Masazumi, wa Chuo Kikuu cha Kumamoto, aliyefariki mwaka 2012. Maisha yake yote ya kazi yalifungamana na mji mmoja wa wavuvi kusini mwa Japani, uitwao Minamata. Hapo palikuwa na kiwanda cha kampuni ya Chisso kilichotumia zebaki kuharakisha utengenezaji wa kemikali iitwayo asetaldehidi, malighafi ya plastiki na vitu vingine. Maji machafu yalimwagwa ghubani. Sehemu ya zebaki hiyo ilikuwa ya aina mbaya sana, methili ya zebaki, ambayo hujipenyeza kwa viumbe wadogo wa majini, kisha kwa samaki wadogo, kisha kwa wakubwa, ikijilimbikiza kila inapoliwa. Paka wa mjini ndio walioanza. Walizungukazunguka kama waliolewa, wakajitupa baharini. Watu wakasema paka wanacheza ngoma. Halafu ikaja zamu ya watoto: mikono ikatetemeka, maneno yakakwama kinywani, macho yakaona kama kupitia tundu la bomba. Tarehe 1 Mei 1956, Hosokawa Hajime, daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, aliripoti kwamba ugonjwa usiojulikana wa mfumo wa fahamu umezuka.

Hosokawa alikuwa mwajiriwa wa kampuni, na hapo ndipo kisa kinapouma. Mwaka 1959 alichukua paka, paka nambari 400 katika majaribio yake, akamlisha chakula kilichochanganywa na maji machafu ya kiwanda. Paka akaugua ugonjwa uleule wa wavuvi. Kampuni ikapata jibu mikononi mwake, ikalifungia. Maji yakaendelea kumwagwa kwa karibu miaka tisa zaidi; serikali ya Japani ilikiri chanzo cha ugonjwa mwaka 1968 tu, wakati kiwanda kimeshaachana na njia ile ya utengenezaji. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi wamepita 2,000, na waliodai kutambuliwa ni wengi mara nyingi zaidi ya hao.

Harada aliingia kwenye habari hii akiwa kijana, na swali lake lilihusu watoto waliozaliwa wakiwa tayari wamelemaa, kwa mama ambao wenyewe walionekana wazima. Elimu ya udaktari wakati huo iliamini kwamba kondo la nyuma ni ngao: sumu ya mama haimfikii mtoto. Mama hao walimwambia vingine. Walimwambia samaki tulikula sisi, mtoto hajawahi kuonja. Harada aliwaamini, akafuatilia, na ushahidi mmojawapo ulipatikana mahali ambapo Mswahili asingeupata. Sisi kitovu cha mtoto tunakizika. Wajapani hukikausha na kukitunza kwenye kijisanduku, kumbukumbu ya uzazi. Vitovu vya watoto wa Minamata vilifunguliwa, vikapimwa, vikakutwa na zebaki. Kondo halikuwa ngao. Mtoto aliipokea sumu, na mama akanusurika kwa kumpa.

Mtu wa aina hiyo ndiye aliyefika Ziwa Victoria miaka ya 1990. Machimbo ya dhahabu yalikuwa yamechipuka kila upande wa kusini mwa ziwa, zebaki ikimwagwa mitoni, na hofu ilikuwa dhahiri kwa yeyote anayejua habari ya Minamata: je, sangara na sato wetu wameshaanza kuibeba? Yeye na wenzake walikusanya nywele. Nywele ni daftari nzuri, kwa sababu hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, na kila sentimita hubaki na kumbukumbu ya zebaki iliyokuwa mwilini wakati ikiota. Wakachukua za wachimbaji, za wavuvi na familia zao, na za watu wa mjini Mwanza. Baadaye walipima pia upande wa Kenya, Kisumu.

Wengi walikuwa na kiwango cha kawaida, hata wala samaki. Lakini baadhi ya watu walitoa namba za kutisha, na miongoni mwao walikuwamo wasiowahi kukanyaga machimbo. Ingekuwa samaki, nywele zingekuwa na methili ya zebaki kwa wingi, kwa kuwa hiyo ndiyo aina ambayo samaki hubeba. Zilizokutwa zilikuwa chumvi za zebaki, aina isiyotoka ziwani. Watafiti ikabidi waache kuuliza watu wanakula nini, waulize wanaoga na nini. Wakaletewa sabuni. Zilikuwa sabuni za kung'arisha ngozi, zimetengenezwa Ulaya, zina iodidi ya zebaki ndani yake. Waliozitumia walikuwa na mitetemo ya mikono, uchovu usioisha, kizunguzungu, mabaka meusi na meupe mwilini. Ripoti ya Tanzania ilitoka mwaka 1999, ya Kenya 2001.

Hebu tutulie hapo kidogo. Daktari anavuka bahari mbili kuja kutafuta sumu kwenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika, anaikuta kwenye kisahani cha sabuni karibu na ndoo ya kuogea.

Sabuni za Ulaya, nimesema. Jumuiya ya Ulaya ilishapiga marufuku zebaki kwenye vipodozi vya watu wake tangu mwaka 1976, isipokuwa kiasi kidogo sana kwenye baadhi ya bidhaa za macho. Sheria ililinda ngozi iliyokuwa ndani ya mipaka. Kutengeneza kwa ajili ya kusafirisha nje kulikuwa habari nyingine, na kwa miaka zaidi ya ishirini viwanda viliendelea kuchapa miche ya sabuni ambayo jirani wa kiwanda hakuruhusiwa kuinunua. Mwaka 2003 ndipo kanuni ya Umoja wa Ulaya ilipokataza waziwazi sabuni za vipodozi zenye zebaki zisisafirishwe kwenda kokote. Sijapata bado mtu wa kunieleza kwa nini iodidi ya zebaki ilikuwa sumu ikiwa Ulaya na kipodozi ikifika Kisumu.

Wala isidhaniwe kwamba hapakuwa na taarifa. Jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha mwaka 1972 kazi ya Barr na wenzake kutoka Nairobi. Walikuwa wamepokea watu wazima 60 wenye ugonjwa wa figo ambao figo huvujisha protini kwenye mkojo: uso unavimba asubuhi, miguu inajaa maji, mkojo unatoa povu kama umetiwa sabuni. Walipouliza vizuri, 32 kati ya hao 60 walikuwa wakipaka krimu za kung'arisha ngozi. Krimu zenyewe zilikuwa na chumvi ya zebaki kati ya asilimia 5 na 10. Baadhi yao, walipoacha kupaka, figo zilirudia hali yake.

Asilimia 5 inasikika ndogo. Kwa miaka mingi kikomo kilichokubalika kimataifa kwenye vipodozi kilikuwa sehemu moja ya zebaki katika milioni, yaani gramu moja kwenye tani nzima ya krimu. Krimu ya Nairobi yenye asilimia 5 ya chumvi ile ilikuwa na zebaki karibu mara 40,000 ya hapo. Kikopo cha gramu 50 kingebeba takriban gramu 2 za zebaki tupu. Chukua kijiko cha chai, jaza chumvi theluthi moja, utazame. Ndicho kiasi ambacho mtu alijisugua nacho shingoni na usoni, kopo likiisha ananunua jingine.

Inafanya kazi, tusidanganyane. Ingekuwa haifanyi kazi biashara ingekufa yenyewe. Weusi wetu unatengenezwa na chembe maalumu za ngozi kwa msaada wa kimeng'enya ambacho moyoni mwake kina shaba. Zebaki inafika, inaiondoa ile shaba, inakaa mahali pake, na kiwanda cha rangi kinasimama. Ngozi mpya inayopanda kutoka chini inakuja ikiwa hafifu. Rangi ile ilikuwa kinga dhidi ya jua, na jua la Shinyanga halijapunguza makali kwa sababu wewe umepaka. Zebaki nayo haibaki kwenye ngozi. Inapita, inaingia damuni, na damu huipeleka kwenye chujio la mwili, yaani figo, ambako hukaa. Ngozi hurudi kuwa nyeusi ukiacha, mara nyingi kwa ubishi, nyeusi kuliko mwanzo. Ndipo mtu huongeza dozi.

Kile kikopo cha Mwanza hakikuwa peke yake kwenye mkorogo. Zile tyubu mbili ni za dawa halali, zenye steroidi kali, zinazotengenezwa kwa ajili ya pumu ya ngozi na magonjwa mengine na zinazopaswa kuandikwa na daktari kwa siku chache. Zikipakwa miezi na miaka hukondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana kama michoro ya ramani, kidonda kinagoma kupona, na madaktari wa upasuaji hulalamika kwamba uzi haushiki. Ukiziacha ghafla, uso unawaka. Halafu iko haidrokwinoni, kiambato kingine cha kung'arisha ngozi, ambayo ikitumiwa muda mrefu hugeuka na kuacha madoa ya bluu-nyeusi yasiyofutika. Daktari wa Afrika Kusini aitwaye Findlay aliyaeleza mwaka 1975. Kila moja ya hizi inastahili sura yake. Nazitaja tu ili msomaji asije akadhani amepona kwa kuwa kopo lake "halina zebaki".

Nataka tuingie ndani ya nyumba ya anayepaka, maana kuna jambo ambalo hata wanaopinga mkorogo hawalijui. Tumezoea kulichukulia suala hili kama dhambi ya mtu binafsi: kajichubua mwenyewe, atajijua mwenyewe. Mwaka 2010 maofisa wa afya wa jimbo la California, Marekani, walimfuatilia mwanamke aliyekuwa na zebaki nyingi mwilini, wakagundua anatumia krimu ya kung'arisha iliyotengenezwa Mexico. Wakapima na watu wengine wa nyumba za watumiaji. Walikutwa na zebaki watu ambao hawajawahi kufungua kile kikopo, watoto wakiwemo. Ilipita wapi? Taulo la pamoja. Shuka. Mkono wa mama aliyepaka usiku akaamka kumbeba mtoto analia. Hewa ya chumba pia, maana zebaki hupanda polepole kama mvuke kutoka kwenye ngozi na nguo. Mtoto anayelala kifuani kwa mama yake anapata ya ngozini, ya hewani, na ya kwenye maziwa.

California hiyohiyo, mwaka 2019, mjini Sacramento, alilazwa mwanamke wa miaka 47 aliyekuwa haelewi alipo wala hawezi kusimama, kisha akapoteza fahamu. Krimu yake, iliyoletwa kwa mkono kutoka Mexico, ilikuwa na zebaki sehemu 12,000 katika milioni. Safari hii haikuwa chumvi ya kawaida. Mtu, mahali fulani, alikuwa ameichanganyia ile aina ya Minamata.

Mdogo wangu nilimwambia nilichokuwa nakijua wakati ule, ambacho kilikuwa kidogo, na nilikisema vibaya. Nilianza na hotuba. Tulikuwa kwenye daladala, amepakata mfuko wake mweusi.

"Dada," akanikata, "wewe umezaliwa maji ya kunde. Hujawahi kuitwa mkaa darasani. Hujawahi kuambiwa na mashangazi zako wakusubiri kidogo kwenye picha hadi wapange taa. Usiniambie mimi habari za kujikubali."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo nadhani hakuna jibu zuri. Wanaoandika juu ya mkorogo hupenda kuwacheka wanaopaka. Wakongo wana mzaha wao, uso wa Fanta na miguu ya Coca, na ni mzaha mzuri, lakini anayechekwa ndiye aliyeumia mara mbili. Tangazo la kazi ya mapokezi linaomba picha. Mwanamume anayeimba sifa za mwanamke mweusi jukwaani anaoa mweupe. Kanisani, msikitini, kwenye runinga, mweupe husogezwa mbele. Na wanaume nao wanapaka sasa, kwa siri zaidi, wakisingizia chunusi. Mimi hukumu yangu ni hii: mtu aliyenunua kikopo kwa fedha yake ya mchezo wa vikoba anajua nchi inavyolipa rangi, na hesabu yake haikuwa ya kijinga. Ilikosa namba moja tu, ile ambayo mtengenezaji alikuwa nayo na akaamua kuipa pete.

Sheria sasa zipo. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki ulitiwa saini nchini Japani Oktoba 2013 na kuanza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017. Ulianza na kile kikomo cha sehemu moja katika milioni. Mwaka 2023, mjini Geneva, nchi wanachama zikakubaliana kukiondoa kabisa: zebaki isitiwe kwenye kipodozi chochote, kwa kiasi chochote, ukomo ukiwa mwaka 2025. Rwanda iliamka kwa kishindo. Baada ya Rais Kagame kulizungumzia suala hili hadharani mwishoni mwa 2018, polisi na wakaguzi waliingia duka hadi duka kukusanya vipodozi hivyo. Tanzania vipodozi vyenye viambata sumu vimekatazwa kitambo, na tangu mwaka 2019 kazi ya kuvisimamia iko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Mara kwa mara shehena huteketezwa mbele ya kamera. Wiki inayofuata kibanda kina mzigo mpya, kwa sababu kikopo ni kidogo, kinapita mpakani kwenye mfuko wa suruali, na siku hizi kinaagizwa kwa simu na kuletwa na bodaboda mlangoni.

Kwa hiyo jicho la mnunuzi bado ndilo lango la mwisho. Kopo lisiloonyesha orodha ya viambato, au anuani ya mtengenezaji, liache. Likiwa na orodha, tafuta maneno haya kama yalivyochapwa: mercury, mercurio, calomel, mercuric iodide, ammoniated mercury, au herufi Hg. Krimu inayobadilika kuwa ya kijivu ikikaa kwenye mwanga, ishuku. Na onyo la kukataza dhahabu, fedha au aluminiamu ukiliona, usiendelee kusoma. Kama umekuwa ukitumia, usisubiri uvimbe. Nenda zahanati uombe wakupime protini kwenye mkojo. Ni kipimo cha kijiti, dakika chache, na mweleze mhudumu ukweli kuhusu unachopaka, hata kama atakunja uso.

Mdogo wangu alipaka. Lazima niseme, picha za harusi ni nzuri. Yule mama wa Kipwani tuliyemleta kumsinga alimpaka singo na liwa kwa siku saba, na alipoiona ngozi ya mgongoni akanyamaza, akaendelea kusinga. Miezi mitano baadaye mlango wangu uligongwa asubuhi. Alikuwa ametoka kliniki, na nesi alikuwa amemuuliza swali moja katika orodha yake ndefu ya maswali ya mimba: unapaka nini? Hakuingia hata ndani. Alifungua pochi, akatoa kile kikopo kidogo, kimebaki robo, akanikabidhi. Pete ilikuwa kidoleni.

"Nitupe wapi?" akauliza.

Sikujua. Nilizungukia ofisi moja nikaambiwa niende nyingine, na kwa wiki mbili kikopo kilikaa juu ya ukuta wa uani, ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mbali na jiko na mbali na watoto. Mwishowe afisa afya mmoja akakipokea, akakiandika daftarini.

Kama kipo kwako, usikichome na taka za uani. Moto unaigeuza zebaki kuwa mvuke, uleule unaopanda kutoka kwenye kikaango cha mchimbaji, na watoto ndio husimama karibu na moto wa taka. Usikitupe chooni wala mtoni. Kifunge vizuri, kiandike kwa kalamu kilichomo, ukipeleke ofisi ya TBS iliyo karibu au kwa afisa afya wa kata yako, na taulo ulilokuwa ukifutia lipeleke pamoja nacho.